Madereva wa Trekta

Tuko sita. Hao ndio mashabiki wote wa bluzi ninaowafahamu katika wilaya mbili, Mbulu na Hanang, na tunaenea kwenye Noah moja bila kubanana. Kuna fundi redio mwenye banda karibu na stendi ya Katesh. Kuna dereva wa lori anayepeleka vitunguu saumu vya Bashay hadi Dar es Salaam. Kuna mwalimu wa hisabati wa sekondari, kuna muuguzi wa Haydom ambaye huja zamu zinapomruhusu, na kuna mzee mmoja wa Kibarbaig aliyewahi kuendesha trekta. Wa sita ni mimi, binti wa Kiiraqw kutoka Dongobesh, mwanafunzi wa umahiri wa fasihi huko Dodoma, mdogo kuliko wote na wa mwisho kujiunga.

Kuwa shabiki wa bluzi huku kwetu kuna tabu zake. Mama yangu, nilipomwambia naenda Katesh kusikiliza bluzi, aliniuliza kwani Dongobesh blauzi zimeisha. Wenzangu wa hosteli wanalielewa neno. Wasichokielewa ni mimi. "Wewe Mmbulu," mmoja wao hupenda kuniambia, "mashamba ya pamba ya Marekani unayoyalilia uliyaona wapi?" Ni utani, lakini una jino. Tasnifu yangu inahusu slufay, yale maombi ya kishairi ya Wairaqw ambayo msemaji hutoa mstari na kundi likamwitikia. Mtu anayeshinda mchana akinukuu maneno ya wazee wake, kisha usiku akajifungia na Muddy Waters masikioni, ni haki kuulizwa. Nami kwa muda mrefu nilikuwa najibu kwa kucheka tu.

Bluzi niliipata kwa kaka yangu. Alikuwa dereva wa watalii Arusha, na wageni wake wengine walimwachia nyimbo kwenye flashi. Alipokuja likizo aliniachia flashi hiyo kwa sababu mwenyewe anapenda Bongo Fleva. Mwaka 2022, nikiwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina kazi, nilipeleka chaja yangu kwa fundi wa Katesh, na kwenye meza yake, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, nikasikia gitaa ninalolijua. Nilimwambia, "Huyo si B.B. King?" Fundi aliacha kuchomea, akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. "Keti, dada," akasema. Chaja ilichukua dakika kumi. Mimi niliondoka jioni.

Utaratibu wetu ni rahisi. Tunakutana Jumamosi, si kila Jumamosi, baada ya fundi kupunguza wateja. Kila mmoja huleta wimbo mmoja. Wimbo hupigwa mara mbili. Mara ya kwanza ni marufuku kusema neno. Mara ya pili unaruhusiwa kusema chochote. Sheria hii aliiweka mwalimu wa hisabati, na anasema aliitoa kwenye muziki wenyewe. Ubeti wa kawaida wa bluzi una mistari mitatu: wa kwanza unatamkwa, unarudiwa vilevile au karibu vilevile, kisha wa tatu unajibu. Chini yake gitaa linatembea hatua 12 na kurudi nyumbani. Mwalimu huwachorea wageni kwa chaki kwenye kipande cha mbao: nne, nne, nne. "Mstari wa kwanza hujausikia," husema. "Unausikia unaporudi."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mchana wangu na usiku wangu havikuwa mbalimbali kama nilivyodhani. Kwenye slufay neno lisiloitikiwa halijakamilika. Kwenye bluzi mwimbaji akinyamaza gitaa humwitikia, na kama hana mwenzake, hujiitikia mwenyewe kwa vidole vyake. Sisemi kwamba moja limezaa lingine. Milima na bahari ziko katikati, na karne nyingi. Ninasema tu kwamba sikio langu lilikuwa limefundishwa Dongobesh kungoja mwitiko, na lilipousikia kwa watu wa Mississippi lilijua la kufanya.

Ubishi haukosekani. Dereva wa lori ni mtu wa bluzi-roki: gitaa linalolia kwa umeme, ngoma nzito, na sauti ya juu kwa sababu, anasema, injini ya lori haisikilizi mambo ya kunong'ona. Mwalimu anataka za kale, mtu mmoja na gitaa moja. Kwa mwalimu, vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 walichukua kitu cha watu wakakiongezea kelele na kujipatia utajiri. Dereva humkumbusha kwamba The Rolling Stones hata jina walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, kwa hiyo hawakuficha walikotoa. Fundi, ambaye kazi yake ni sauti, huwaamulia: Muddy Waters mwenyewe alishapiga kelele kabla ya Mwingereza yeyote. Alipotoka shambani na kwenda Chicago mwaka 1943, gitaa kavu halikusikika kwenye baa zenye watu wengi, ndipo akachukua la umeme. "Umeme haukuletwa na Wazungu wa London," fundi husema. "Uliletwa na zogo la mji."

Mzee hashiriki ubishi huu. Yeye ana kanda moja.

Kuielewa kanda hiyo inabidi kwanza uyajue mashamba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye nyanda za Hanang, serikali kupitia NAFCO na kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano. Yalifika saba, kila moja la takriban ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Nchi ilipata ngano. Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, na njia za kupitisha mifugo kwenda kwenye maji. Walipoteza na makaburi. Mzee mwenye heshima akifa, Wabarbaig humwinulia kilima cha udongo, na shughuli yake huchukua miezi. Kilima hicho ndicho kinachowaambia wajukuu hapa ni kwao. Matrekta yalilima na vilima. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Mzee wetu aliajiriwa katika moja ya mashamba hayo miaka ya 1980, akiwa kijana, kama dereva wa trekta. Haelezi kwa nini, na ukiwa na ng'ombe waliopungua na wadogo zako wanaokutazama, pengine hakuna cha kueleza. Alikuwa dereva mzuri. Fundi mitambo mmoja Mkanada alimpenda, na siku ya kurudi kwao alimwachia kanda. Juu yake kulikuwa na herufi mbili tu za kalamu: B.B. Mzee alisoma "Bibi". Kwa miaka mingi aliamini kwamba mwimbaji ni bibi fulani wa Kanada, na akawa anawaambia wenzake kwamba wanawake wa huko wana sauti nzito kwa sababu ya baridi. Ni fundi aliyemfumbua macho, siku alipomletea kanda hiyo imekwama kwenye redio. Mzee aliangalia picha ya B.B. King kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni mtu wetu."

Alisema "mtu wetu" kwa sababu ya rangi, nadhani. Lakini siku moja mimi nilimpa sababu nyingine. Nilikuwa nimesoma kuhusu maisha ya wanamuziki hawa, nikamweleza kwamba Riley King, kabla ya kuitwa B.B., alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la pamba karibu na Indianola, Mississippi. Mwaka 1946, jioni moja, alizima trekta na kushuka. Mtambo ukashtuka kwa mara ya mwisho, ukasogea mbele, bomba la moshi likagonga banda na kuvunjika. Alivyojua gharama yake na hasira ya mwenye shamba, alichukua gitaa lake na kutorokea Memphis. Baadaye alirudi, akafanya kazi mpaka akalilipa deni, ndipo akaondoka kwa amani. Na Muddy Waters, nikaongeza, naye aliendesha trekta, kwenye shamba la Stovall, na ndiko watafiti walikomkuta mwaka 1941 wakamrekodi akiwa nyumbani kwake.

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. "Bomba la moshi!" akasema. "Lile lilikuwa likivunjika kila wiki." Halafu akacheka tena, peke yake, kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazini.

Baada ya siku hiyo ndipo nilipata ujasiri wa kumuuliza. Sikuwa na haki sana. Mimi ni Mwiraqw, na watu wangu wamekuwa wakishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwa miaka mingi wakigeuza malisho ya Wabarbaig kuwa mashamba ya mahindi na maharage, bila trekta wala msaada wa nchi yoyote, kwa jembe la mkono na subira. Kwetu nimekua nikisikia Wabarbaig wakiitwa Mang'ati, jina lisilo zuri la kumwita jirani. Lakini nilimuuliza: "Mzee, kanda hii ilikuja na watu wa yale mashamba. Huioni hivyo unapoisikiliza?"

Alikaa kimya kiasi cha wimbo kuisha.

"Babu yangu alikuwa na kilima," akasema. "Nilipangiwa block ile kulima. Nikazunguka. Mwaka wa kwanza nikazunguka, wa pili nikazunguka. Msimamizi akaona mashine inapinda, akasema dereva gani huyu hawezi kunyoosha mstari. Mwaka wa tatu wakanihamishia block nyingine." Akaonyesha kwa kiganja jinsi udongo unavyolala ukipitiwa. "Aliyekuja baada yangu alinyoosha."

Hakuna aliyesema neno. Fundi alijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo.

"Sasa binti," akaendelea, "jioni ile sikuwa na wa kumwambia. Nyumbani ningesema, wangeniuliza wewe ulikuwa unafanya nini juu ya trekta lao. Nikaweka kanda. Huyu akawa anasema, halafu gitaa linamjibu. Sikujua anasema nini. Nilijua tu kwamba akisema, anajibiwa."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Watu hupenda kusema bluzi ni muziki wa huzuni, na wanaoipenda ni watu wanaopenda kuhuzunika. Kwa mzee ilikuwa kitu kingine kabisa: ilikuwa mahali pa kupeleka jambo ambalo halikuwa na baraza. Wala hakuacha nyimbo nyingine kwa ajili yake. Ana Mbaraka Mwinshehe kichwani kwa mpangilio kamili, na anaposikia gitaa la "Shida" hunyanyua kidole kila linapokuja kujibu sauti. Anasema Mbaraka na Bibi, bado anamwita Bibi, wangeelewana bila mkalimani. B.B. King alifika Kinshasa Septemba 1974 kwa tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Kenya Januari 1979. Hawakukutana. Mzee huliona hilo kama kosa la ratiba tu.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, upande wa Mlima Hanang uliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi nilikuwa Dodoma, muhula wa kwanza wa umahiri, na asubuhi ile nilipiga simu tano mfululizo. Nne zilijibiwa. Ya fundi ilijibiwa siku iliyofuata. Alikuwa mzima; banda lake lilijaa tope hadi usawa wa meza.

Niliporudi likizo nilimkuta ameshalisafisha na ana foleni kuliko wakati wowote. Watu walileta redio na simu zilizochimbwa kwenye tope. Hawakuja kuzitengeneza, walijua zimekufa. Walitaka kadi za kumbukumbu zilizomo. Ndani yake kulikuwa na picha za watu, na sauti zao. Fundi alizisafisha moja moja kwa spiriti na mswaki, bila kutoza hata shilingi. Nyingine zilifunguka, nyingine hazikufunguka, na kwa zote mbili alihitaji kutoka nje kidogo.

Hatukukutana Desemba, wala Januari. Lilikuwepo jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kabla tu ya maafa, dereva wa lori alituletea "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, na tuliipiga mara mbili kama sheria inavyotaka, tukajadili ngoma zake: jinsi zilivyorekodiwa chini ya ngazi katika jumba la kale la Uingereza, Headley Grange, ndiyo maana zinavuma kama ziko pangoni. Ni wimbo wa mafuriko. Dereva aliniambia kwamba wiki ile ya tope aliufuta kwenye flashi yake akiwa barabarani, akiendesha kwa mkono mmoja.

Tulipokutana tena ulikuwa mwezi wa tatu. Mzee ndiye aliyeuomba. "Ule wa maji," akasema.

Mwalimu alikataa. Alizika wanafunzi. Alisema kuna vitu havichezwi, na kwamba mtu akipita nje akasikia tunapiga muziki wa mafuriko katika Katesh hii, atatuona hatuna utu. Dereva akamuunga mkono, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana. Muuguzi, ambaye huwa hasemi sana, akasema, "Mimi kimya nimekisikia cha kutosha. Pigeni."

Tukapatana kuuacha wa Led Zeppelin. Fundi alitafuta wa asili, uliorekodiwa mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, mume na mke, magitaa mawili na sauti moja, hakuna ngoma. Ulihusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927, kingo za udongo zilipopasuka na mamia ya maelfu ya watu wakapoteza makazi. Weusi wengi waliokuwa wakilima mashamba ya wengine walikusanywa kwenye kingo hizohizo na kufanyishwa kazi chini ya ulinzi wa bunduki. Ulipopigwa mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili nilimfasiria mzee kwa sauti ya chini maana yake: mvua isiyokatika, ukingo unaokaribia kushindwa, mtu anayejua kwamba itabidi ahame na hajui aende wapi.

Magitaa yanatembea kwa wepesi kwenye wimbo ule, karibu uchezeke. Hilo ndilo lililomshangaza mwalimu. "Hawalii," akasema mwishoni.

Mzee aliuliza swali moja: "Walirudi?"

Nikamwambia wapo waliorudi, lakini wengi waliendelea kwenda kaskazini, miaka hiyo na iliyofuata, hadi miji kama Chicago. Wanamuziki nao wakawafuata watu wao.

"Ah," akasema, akamgeukia fundi. "Ndiyo zogo lako la mji lile."

Nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni kama mambo mawili, historia ya watu kuhama na historia ya gitaa la umeme. Mzee, ambaye hajasoma vitabu hivyo, aliyaunganisha akiwa ameketi juu ya kreti la soda. Mtu aliyeondolewa kwake hubeba wimbo. Akifika penye kelele, inambidi aupandishe sauti.

Baadaye serikali ilijenga nyumba za waathirika wa maporomoko huko Waret. Mzee alijua jina hilo tangu ujana: ni moja ya yale mashamba saba. Nilipomuuliza anaonaje, hakusema ni vizuri wala ni vibaya. Alisema udongo wa kule anaujua, wakati wa masika unanata, na mtu asiyeuzoea atapata shida ya njia. Kisha akataka kujua kama miongoni mwa waliohamia yumo mwenye redio mbovu, maana fundi anaweza kwenda.

Sijui kama nimempatia mwenzangu wa hosteli jibu la kumtosha. Sasa akiniuliza mashamba ya pamba niliyaona wapi, namwambia kwetu yalikuwa ya ngano. Na nimemwalika. Likizo hii atapanda basi nami hadi Katesh, aje na wimbo mmoja anaoupenda yeye, hata kama ni singeli. Tutaupiga mara mbili. Nimeshamwonya kwamba mara ya kwanza hataruhusiwa kusema kitu.